Kuku wa Brahma

Mtu amwonaye kuku wa Brahma mara ya kwanza hustaajabu. Jogoo aliyekomaa huweza kufikia uzito wa ratili 12, yaani kilo 5 na nusu. Naye ni mzito kuliko majogoo wawili wa kijijini. Kichwa chake ni kipana, na paji lake limetokeza juu ya macho, hata huonekana kama mwenye hasira. Undu wake ni mfupi, wenye safu tatu za meno madogo. Miguu yake imefunikwa kwa manyoya mpaka vidoleni, kana kwamba amevaa suruali. Walakini, pamoja na ukubwa huo, ni ndege mpole, wala hapendi kupigana.

Asili yake ni kuku wakubwa walioletwa Marekani kwa merikebu kutoka bandari ya Shanghai, katika nchi ya China, katika miaka ya 1840. Hapo kwanza kila mfugaji aliwaita jina alilolipenda. Hata mwaka 1852 waamuzi wa mjini Boston wakakubaliana juu ya jina moja, nalo likatokana na mto Brahmaputra wa Bara Hindi, ingawa kuku hawakutoka huko. Mwaka ule ule mfugaji mmoja, George Burnham, alimpelekea Malkia Victoria wa Uingereza zawadi ya kuku hao. Basi watu wakashikwa na tamaa ya kuku, wakauziana kwa bei kubwa mno. Tamaa ile ilipokwisha, wengi walionunua kwa kujionyesha wakapata hasara. Lakini kuku wenyewe wakabaki, kwa kuwa walikuwa na faida ya kweli.

Faida yao ni nini? Nyama yao ni nyingi, na mayai yao ni ya rangi ya kahawia. Tena hutaga hata wakati wa theluji, ambapo kuku wengi huacha kutaga. Manyoya mengi huwatia joto. Na undu mfupi haugandi upesi kwa baridi kama ule mrefu. Kwa sababu hizo walikuwa kuku mashuhuri wa nyama huko Marekani mpaka karibu na mwaka 1930. Kisha wakashindwa na aina nyingine, maana Brahma hukua polepole na kula sana, na wafanya biashara walitaka kuku wa kuchinjwa upesi. Siku hizi hufugwa zaidi na watu wenye kuku wachache nyuma ya nyumba.

Mtu atakaye kuwafuga hana haja ya ua mrefu. Ua wa futi 3 huwatosha, kwa kuwa uzito wao hauwaachi kuruka juu. Lakini ua uzuiao kuku kutoka haumzuii mbweha kuingia. Kwa hiyo sharti wafungiwe bandani kila jioni. Fito za kulalia ziwe karibu na chini, kwani kuku mzito arukaye kutoka juu huumia nyayo.

Jambo kubwa kupita yote ni miguu. Manyoya ya miguu hushika matope, na penye baridi kali matope hayo huwa barafu, hata vidole vikaganda. Kwa hiyo sakafu iwe kavu daima. Tena utitiri huingia chini ya magamba ya miguu, na manyoya huuficha. Mfugaji mvivu hutazama kwa mbali, akadhani kuku ni mzima. Mwenye bidii humshika, akafunua manyoya na kutazama magamba, na akiona yameinuka, huyapaka mafuta.

Kuku jike huatamia vizuri kwa siku 21, ila uzito wake huweza kuvunja mayai au kukanyaga vifaranga. Yafaa kiota kiwe chini, kipana, chenye majani makavu mengi, na vifaranga viangaliwe sana siku za kwanza.

Basi Brahma hamfai mtu mwenye haraka. Humfaa yule avumiliaye miezi mingi, naye asiyechoka kuinama kila siku. Subira huvuta heri.

MASWALI
1. Kwa nini undu mfupi ni faida katika nchi ya baridi?
2. Kwa nini wafanya biashara walimwacha Brahma?
3. Mfugaji atajuaje kuwa kuku ana utitiri miguuni?