Tatizo Kwanza, Kifaa Baadaye

Anayeanza kushona nyumbani haangushwi na cherehani, huangushwa na duka. Ingia duka lolote la vifaa vya ushonaji hapa Ngamiani, Tanga, uone: sindano za kila aina, mikasi ya meno, visu vya gurudumu, rula nene za plastiki, na vile vimguu vya cherehani vinavyokandamiza kitambaa, kila kimoja na umbo lake. Vyote vinakushawishi kwamba ukivinunua, gauni lako litatoka kama la dukani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi. Nashona jioni na siku za mapumziko, kwa cherehani nyeusi ya Butterfly, ya kukanyaga, niliyoinunua mkononi mwa mtu. Inashona mshono ulionyooka tu, haina mbwembwe nyingine. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni: sinunui kifaa kipya mpaka kitambaa kinioneshe tatizo ambalo nilivyonavyo haviwezi kulimaliza.

Chukua suala la mishono kuruka. Wengi wakilikuta hulaumu mashine, kumbe dawa yake mara nyingi ni sindano, kitu cha bei ndogo kuliko vyote dukani. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi hubaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi. Ndoano iliyo chini ya bamba hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka bobini yenye uzi wa chini, na hapo uzi wa juu na huo wa chini hufungana. Sasa weka kitambaa cha jezi kinachovutika. Sindano ya kawaida hukisukuma chini na kupanda nacho. Kitanzi hakijitokezi vizuri, ndoano inapita patupu. Sindano ya jezi ina ncha ya mviringo, hujipenyeza kati ya nyuzi badala ya kuzichoma, na mshono unarudi mahali pake.

Kwenye paketi kuna namba mbili, tuseme 90/14. Hiyo 90 ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9, na 14 ni kipimo hicho hicho kwa namba za Kimarekani. Kanga na kitenge vinakwenda vyema na 80/12 au 90/14, shifoni 60/8 au 70/10, jinzi 100/16. Sindano nayo huchoka: ikishashona kwa jumla ya takribani saa nane, ibadilishe hata kama haijavunjika.

Tatizo la pili ni uzi kulegea au kukaza. Jaribio lake halihitaji kununua chochote. Weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, kisha shona kwenye kipande kilichobaki cha kitambaa kile kile utakachokitumia. Ukiona mwekundu umechungulia upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Kaza kidogo skrubu inayobana uzi wa juu. Ukiona mweupe umevutwa juu, ilegeze. Ila usiguse kitu kingine wakati huo huo. Ukibadilisha sindano, uzi na skrubu kwa mkupuo, mshono unaweza kutengemaa na usijue kilichoutengeneza ni kipi.

Halafu kuna kingo zinazofumuka. Mafundi wana mashine ya ovaloki, mimi sina. Kwa shifoni na foronya natumia mshono unaojifunika. Weka vitambaa viwili ndani kwa ndani, yaani nyuso nzuri zitazame nje, ushone milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza ukingo ubaki milimita 3, geuza nyuso nzuri zikutane, piga pasi, kisha shona tena milimita 9 kutoka kwenye mkunjo. Kingo zote zinabaki zimefungiwa ndani. Sita na tisa ni kumi na tano, kwa hiyo unapokata, acha sentimita 1.5 za mshono. Mbinu hii imeniondolea haja ya mashine nzima, japo haifai kwa kitambaa kizito kama jinzi, maana mshono huvimba.

Mbinu niliyoipenda kuliko zote ni kukata mshazari. Shika kanga kwa upana wake uivute: haivutiki. Sasa ishike kwa kona mbili zinazotazamana uivute tena: inavutika na kujipinda mkononi. Nyuzi hazijarefuka hata kidogo. Vile vimraba vidogo vya ufumaji ndivyo vinavyolala na kuwa kama almasi. Ndiyo maana utepe uliokatwa kwa pembe ya nyuzi 45 huizunguka shingo ya dera bila kukunjamana, ilhali uliokatwa wima hukataa kupinda.

Utepe unaokunjwa ukatoka na upana wa sentimita 1 unataka kukatwa sentimita 4. Kipande cha mraba cha sentimita 40 kina eneo la sentimita za mraba 1,600. Gawanya kwa 4, unapata sentimita 400. Kitambaa ambacho wengi wangekitupa kinatoa karibu mita nne za utepe, ukitoa kidogo cha kuungia. Darasani swali hili ningewapa watoto bila kubadilisha chochote.

Na kisu cha gurudumu? Ni kifaa kizuri. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikileta sokoni mwaka 1979, na wanaokata vipande vingi vilivyonyooka hawakiachi. Lakini hakiji peke yake: kinataka mkeka maalumu wa kukatia, rula nene, na baadaye wembe mwingine. Anayekata gauni moja kwa mwezi, mkasi mkali unamtosha, mradi asikatie karatasi. Fedha hiyo naona afadhali iende kwenye pasi nzuri, kwani mshono ukipigwa pasi kabla haujakutana na mwingine, nguo hukaa tofauti kabisa.

Kuna kidude kimoja nilichokinunua, kifumulio cha nyuzi, chenye ncha mbili na katikati yake makali. Jirani yangu fundi, anayefumua kwa wembe huku anaongea na wateja, aliponiona nacho alicheka.

“Mwalimu, sasa hicho kinakusaidia nini?”

“Fundi, mkono wako umeshazoea wembe. Wangu ungetoboa gauni la watu.”

Akakubali. Wembe wake na kifumulio changu vinafanya kazi moja, ila mikono yetu haina uzoefu mmoja.

Kwangu zamu ijayo ni mguu wa zipu. Binti yangu anataka sketi ya zipu, na mguu wa kawaida ni mpana, hauachi sindano isogee karibu na meno ya zipu. Nimejaribu kwenye kipande, mshono umekaa mbali na zipu inachungulia. Tatizo limejitokeza, basi Jumamosi naenda dukani.