Mafua ya Kuku: Jina Moja, Vimelea Vingi

Kuku wa mayai anapopiga chafya, akatokwa na makamasi, uso ukamvimba na utagaji ukapungua, mfugaji husema kuku huyo ana mafua. Hakukosea, kwani ametaja alichokiona. Lakini mfasiri wa taarifa ya maabara akilitumia neno hilo kwa kila ugonjwa wa njia ya hewa, huwa ameifuta kazi yote ya mtaalamu.

Dalili hizo zaweza kuletwa na bakteria aitwaye Avibacterium paragallinarum, au Mycoplasma gallisepticum, au virusi, kama vile vya mdondo. Tofauti hizi si za maneno matupu. Mikoplasma hana ukuta wa seli. Kwa hiyo penisilini, ambayo huhujumu ukuta huo, haimdhuru. Virusi, kwa upande wao, haviuawi na antibiotiki.

Maabara huwatambuaje? Mtaalamu huchukua ute katika uwazi ulio chini ya jicho la kuku aliyeugua karibuni, akaupaka juu ya agari ya damu, kisha akapitisha hapo mstari mmoja wa bakteria Staphylococcus. A. paragallinarum kwa kawaida hawaoti bila kirutubishi ambacho jirani huyo hukitoa. Baada ya saa 24 hadi 48, katika hewa iliyoongezwa kaboni dioksidi, makundi yao huonekana kama matone madogo ya umande kandokando ya mstari. Mikoplasma huhitaji chakula chao maalumu, na siku nyingi zaidi.

Hapa vitenzi vitatu visichanganywe. Kuotesha ni kuwazalisha bakteria katika chakula chao. Kutenga ni kuwapata wa aina moja peke yao. Kutambua ni kuthibitisha kwa vipimo kuwa ni wa aina gani. Matone yale ya umande ni dalili njema, lakini bado si utambuzi.

Majina ya kisayansi nayo yaachwe kama yalivyo. Msomaji akikuta Haemophilus paragallinarum katika vitabu vya kabla ya 2005, ajue kuwa ndiye huyo Avibacterium.

Basi, yafaa "mafua ya kuku ya kuambukiza" litengewe ugonjwa wa Avibacterium, na "mikoplasmosi ya kuku" ule wa Mycoplasma. Pale ambapo kimelea hakijatambuliwa, tuandike "ugonjwa wa njia ya hewa" tu. Mfugaji atanunua dawa kwa kulitegemea neno letu.