Seva Inapozibwa Mlango

Shambulio la kuzuia huduma hulenga kuifanya seva ishindwe kuwahudumia watu wake, bila kuiba wala kubadili chochote kilichomo. Mshambuliaji hahitaji nywila. Huenda akaigharikisha seva kwa maombi mengi kuliko uwezo wake, au akaipelekea ombi moja tu lililosukwa kwa hila, likagusa kasoro ndani ya mfumo endeshi na kuiangusha. Mtumiaji huona matokeo yaleyale, kwamba ukurasa haufunguki, lakini tiba za aina hizi mbili hazifanani. Anayezichanganya hupoteza fedha na kubaki bila kinga.

Kenya iliuonja uchungu huo mwaka 2023. Tarehe 30 Juni Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye jukwaa la eCitizen. Mwezi haukutimia. Tarehe 27 Julai Eliud Owalo, aliyekuwa waziri wa mawasiliano na uchumi wa kidijitali, alithibitisha kwamba jukwaa hilo limeshambuliwa kwa kurushiwa maombi mengi kupita kawaida, akaongeza kwamba hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Maombi ya pasipoti, viza na leseni za udereva yalikwama, pamoja na tiketi za treni ya SGR, ununuzi wa tokeni za umeme na baadhi ya malipo ya simu. Serikali ililazimika kuahidi kuwapa viza wageni waliostahili pindi wanapowasili.

Kwa kuwa huduma za serikali zilikuwa zimepitishwa mlango mmoja, kuzibwa kwake hakukuwa shida ya Nairobi peke yake. Nakuru, Molo au Naivasha, mkazi anayejaziwa fomu kwenye saiba hutegemea seva zilezile anazotegemea ofisa wa Huduma Centre, na zikisongwa wote wawili hukaa kusubiri. Kauli kwamba data iko salama ina uzito, lakini haimsaidii mtu ambaye tokeni zake zimeisha usiku. Huduma isiyopatikana ni hasara halisi.

Kiini cha mashambulizi ya kuigharikisha seva ni gharama. Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza kwenye intaneti, kwanza husalimiana kwa hatua tatu. Mteja hubisha hodi. Seva huitikia na kumtengea nafasi kwenye kumbukumbu ili isimsahau. Kisha mteja huthibitisha kwamba amesikia, na mazungumzo huanza. Kazi hiyo hufanywa na mfumo endeshi wenyewe, hata kabla tovuti haijajua kwamba kuna mgeni. Hapo ndipo penye udhaifu: seva hutoa nafasi kwa mtu isiyemjua, naye hajagharimika kitu. Mshambuliaji hubisha hodi maelfu ya mara kwa anwani za uongo, asirudi kamwe kwa hatua ya tatu. Seva hubaki ikingoja, orodha ya wanaongojwa ikajaa. Ni kama matatu ya Nakuru kwenda Nairobi iliyokaliwa na watu wasiosafiri: viti vimejaa, abiria wa kweli amebaki steji, na safari haipo.

Mnamo Septemba 1996 hila hiyo iliisumbua kwa siku kadhaa kampuni ya intaneti ya Panix ya New York. Mwaka huohuo mwanahisabati Daniel J. Bernstein alipendekeza dawa ambayo hadi leo ni miongoni mwa mawazo mazuri zaidi katika fani hii. Seva isitunze chochote. Badala yake ikokotoe namba ya siri kutokana na anwani ya mteja na wakati, na kuitia ndani ya jibu lake. Mteja wa kweli ataithibitisha namba hiyo anaporudi. Seva itakokotoa upya, ikilinganisha na kuona zinaoana, ndipo imtengee nafasi. Mwenye anwani ya uongo hatarudi, na seva haitakuwa imepoteza kumbukumbu yoyote kwa ajili yake. Kinga hiyo imo ndani ya mfumo endeshi wa Linux, na msimamizi wa seva anapaswa kuhakikisha kwamba haijazimwa.

Mwaka 2009 Robert Hansen alionyesha njia nyingine, inayoitwa Slowloris. Hapa mshambuliaji hukamilisha salamu, kisha hutuma ombi lake kidogokidogo bila kulimaliza. Seva ya Apache ya wakati huo ilimtengea kila mteja mhudumu wake, kwa hiyo kompyuta moja dhaifu iliweza kuwashika wahudumu wote. Dawa yake ni kuweka ukomo wa muda: ombi lisilokamilika kwa sekunde kadhaa likatwe. Njia hii haijazeeka. Microsoft iliitaja miongoni mwa mbinu zilizotumiwa dhidi ya huduma zake Juni 2023, katika mashambulizi ambayo Anonymous Sudan ilidai ni yake.

Aina ya pili, ile ya ombi lililosukwa kwa hila, haitegemei wingi. Aprili 2015 Microsoft ilitoa sasisho la kurekebisha sehemu ya Windows inayopokea maombi ya tovuti. Kivinjari kinaruhusiwa kuomba kipande tu cha faili, kuanzia baiti fulani hadi nyingine. Kwa seva isiyo na sasisho hilo, mtu akiandika kwamba kipande kiishie kwenye 18,446,744,073,709,551,615, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazotoshea katika biti 64, hesabu ya urefu hufurika na kuanza upya kwenye sifuri. Ukaguzi hudanganyika, na seva nzima huweza kuanguka. Juni 2019 Jonathan Looney wa Netflix alifichua kasoro ya jamii hiyo katika Linux, iliyokuwa imekaa humo miaka kumi: mfululizo wa vipande vidogo vya data uliweza kukifanya kiini cha mfumo kijisimamishe. Dhidi ya kasoro za namna hii, kununua intaneti ya kasi zaidi ni kutupa pesa. Dawa ni sasisho. Pale ambapo seva haiwezi kuwashwa upya mara moja, huzimwa kile kipengele chenye kasoro hadi sasisho litakapowekwa.

Kwa Sacco, hospitali au chuo chenye seva zake, kazi ya kwanza ni kujua ni huduma zipi zinazosikiliza kutoka nje, na kufunga zisizo na kazi. Huduma iliyosahaulika haisasishwi, na isiyosasishwa ndiyo inayotafutwa. Kisha huwekwa ukomo: wa miunganisho kutoka anwani moja, wa muda wa kungoja, na wa kumbukumbu ambayo programu moja inaweza kula. Huduma muhimu itengwe na tovuti ya matangazo, ili moja ikilemewa nyingine ipumue. Hata hivyo, gharika kubwa hujaza njia ya intaneti kabla haijafika kwenye seva, na hapo mitambo ya ndani haifui dafu. Ni mtoa huduma wa intaneti, au kampuni yenye vituo vya kuchuja katika nchi nyingi, anayeweza kuizuia mapema. Mkataba naye huandikwa siku za utulivu.

Gharika hiyo aghalabu hutoka kwenye vifaa vya watu wasio na habari. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka ruta na kamera za ulinzi duniani kwa kujaribu takriban jozi 60 za majina na nywila za kiwandani. Kamera iliyofungwa getini Lanet au Kiamunyi huko Nakuru, nywila yake haijawahi kubadilishwa, inaweza kutumwa kumshambulia mtu wa bara jingine, mwenyewe asijue.

Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini huadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamtaka anayeendesha mfumo, uwe wa umma au wa binafsi, aripoti shambulio ndani ya saa 24. Ripoti hiyo huwa na thamani pale rekodi za matukio ya seva zinapohifadhiwa kwenye mashine nyingine, maana kilichoandikwa ndani ya seva iliyoanguka huenda kisisomeke tena.