Kivinjari Kikibadilika, Akaunti Haijapotea

Maombi ya leseni za biashara hupitia mfumo wa TAUSI, na zabuni za umma, zikiwamo zilizotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, hutangazwa katika mfumo wa NeST. Mwombaji hufungua akaunti, huweka nywila, na mara nyingi huiachia kompyuta kazi ya kuikumbuka. Hapo ndipo usumbufu huanzia.

Kompyuta moja yaweza kuwa na vivinjari kadhaa, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Edge na Firefox. Kimoja tu huwa chaguo-msingi: hicho ndicho hufunguka mtu anapobofya kiungo kilichomo katika barua pepe. Kila kivinjari hutunza nywila zake. Chaguo-msingi likibadilika, kiungo kilekile cha jana hufunguka katika kivinjari kisichomtambua mwombaji, naye huombwa nywila asiyoikumbuka. Wapo wanaodhani akaunti imefutwa, wakahangaika kufungua ya pili, ilhali ombi lao lingali katika ile ya kwanza na siku ya mwisho ya zabuni inakaribia.

Nani hukibadilisha? Mara nyingine ni uboreshaji wa mfumo endeshi. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mkuu wa Mozilla, Chris Beard, aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba uboreshaji huo ulifuta uteuzi wa watumiaji. Katika ofisi zenye kompyuta zinazosimamiwa kwa pamoja, wataalamu wa TEHAMA wanaweza kuandaa faili moja la uteuzi likatekelezwa kila mtumishi anapoingia. Mtumishi akibadilisha mwenyewe, kesho yake hukuta kivinjari cha awali kimerejea. Huo si ugonjwa wa kompyuta.

Programu za kupakua bure zinazoahidi kubadilisha kivinjari zenyewe ni jambo jingine, na hazifai. Windows 10 na 11 huhifadhi uteuzi wa mtumiaji pamoja na alama ya uhakiki. Programu ikiingiza uteuzi kwa mlango wa nyuma na alama isilingane, Windows huutupa na kurejesha chaguo lake yenyewe. Njia halali ni fupi: fungua mipangilio, ingia palipoandikwa "Default apps", kisha chagua kivinjari. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ilidai uteuzi wa aina moja ya faili baada ya nyingine; kitufe kimoja cha kumaliza kazi yote kiliongezwa mwaka 2022.

Kwa wanaotumia kompyuta za steshenari, tahadhari ni kubwa zaidi. Kutoka kwenye akaunti katika kivinjari kimoja hakumtoi mtu katika kingine. Aliyeanza ombi kwenye Chrome akalimalizia kwenye Edge huenda akaondoka akiwa ameiacha akaunti yake wazi kwa mteja anayefuata. Atoke kote, na akiulizwa kama nywila ihifadhiwe, akatae.

Aliyepoteza akaunti afungue kwanza kivinjari alichokitumia awali. Ikishindikana, atumie sehemu ya kurejesha nywila, wala asijisajili upya. Atakayekwama afike Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri saa za kazi, akiwa na simu yenye namba aliyojisajilia.