Programu ya bure, kitabu kina mwenyewe

Nilisomea kambini Kasulu, ambako kitabu kimoja tuligombea wanafunzi kumi. Niliporudi Burundi na kuwa mwalimu, niliandika kijitabu cha mazoezi ya Kiswahili usiku baada ya kazi, kwa miezi saba, kwa programu ya LibreOffice.

Mwaka jana nilikuta nakala zake zikiuzwa mpakani Mugina, jina langu limefutwa. Mwenye duka la fotokopi akanijibu: "Mwalimu, programu uliyotumia ni ya bure, basi na kitabu ni cha wote."

Ndugu msomaji, hapo ndipo wengi tunapokosea. Leseni ya LibreOffice, sawa na ya OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, inahusu programu yenyewe: kuitumia, kuinakili, kuibadilisha. Haigusi ulichoandika. Ukilima kwa jembe la kuazima, mwenye jembe hadai mahindi.

Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994 na Burundi mwaka 2016, unampa mwandishi haki pasipo kumtaka asajili kwanza. Lakini tahadhari: picha ya mtu mwingine uliyoingiza kitabuni inabaki yake, na kazi uliyoagizwa na mwajiri hutegemea sheria na mkataba wenu.

Nilimwonyesha rasimu zangu za mkono. Jina limerudishwa, malipo tungali tunazungumza.

Mwalimu mwenzangu, andika jina na mwaka, tunza rasimu. Nawe mfanyabiashara, kabla ya kurudufu, uliza mwenye kitabu ni nani.