Baridi ya Julai na masizi ya Eastlands

IWAPO unaishi Dandora, Kariobangi, Umoja au Kayole, bila shaka umewahi kuanika shati jeupe jioni ya Julai na kulikuta asubuhi lina vidoa vyeusi kolani. Mwezi wa Aprili vidoa hivyo hupungua, ingawa Aprili taabu yako ni kwamba shati lenyewe halikauki.

Matatu za Barabara ya Jogoo ni zile zile, na majiko ya makaa yapo mwaka mzima. Kinachobadilika zaidi ni hali ya hewa.

Kwa kawaida jua huipasha ardhi joto, nayo ardhi huipasha hewa iliyo karibu nayo. Hewa hiyo huwa nyepesi, ikapanda na kuondoka na moshi. Usiku ardhi hupoa, na hewa ya chini huwa baridi na nzito kuliko iliyo juu yake. Hapo moshi hupanda kidogo tu kisha hutanda, kana kwamba mtaa mzima umewekewa dari fupi. Januari, jua huivunja dari hiyo mapema asubuhi. Kati ya Juni na Agosti mawingu huweza kulizuia jua hata adhuhuri, na masizi ya alfajiri hubaki pale pale unapopita ukienda kazini.

Huko Mlima Kenya mambo ni tofauti. Katika kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa mwaka wa 1999, mita 3,678 juu ya bahari, upepo wa mchana hupandisha hewa chafu kutoka mabondeni, na usiku hewa safi hushuka kutoka kileleni. Eastlands haina kilele cha kuisafishia hewa yake usiku.

Badala yake ina jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001 lakini likaendelea kupokea takataka. Moto huko huungua chini kwa chini, na upepo wa mashariki huupeleka moshi Korogocho na Kariobangi.

Chembe za masizi ni ndogo mno kuliko unywele, kwa hiyo pua haziwezi kuzinasa zote. Hufika ndani kabisa ya mapafu, zikazidisha pumu, nimonia kwa watoto wachanga na maradhi ya moyo.

Ufanye nini? Fungua madirisha alasiri, hewa inapokuwa imechangamka, ila kama moshi wa jaa unaelekea kwako. Mwenye pumu asikimbie mazoezi alfajiri. Jiko liwashwe nje.

Hapa ndipo wengi hukosea. Makaa yakishakolea na moshi kwisha, mama huliingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto. Masizi yamepungua, ni kweli, lakini makaa hayo bado yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Usilale na jiko ndani hata kama yamebaki makaa mawili chini ya majivu.

Watu wawili au zaidi nyumbani wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje mara moja kisha mwende hospitali. Mwambie daktari kwamba mlikuwa na jiko ndani, kwani dalili hizo zinaweza kudhaniwa kuwa mafua au malaria.