Darubini yaweza kuishushia thamani bunduki ya kale

KUFUNGA darubini kwenye bunduki ya kale ya kijeshi kwaweza kuiharibu moja kwa moja.

Bunduki ya Kirusi ya Mosin-Nagant, iliyopitishwa mwaka 1891, ina mkono wa bolti ulionyooka, ambao ukiinuliwa hugonga darubini iliyo juu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mafundi wa Kisovieti waliurefusha na kuupinda mkono huo, wakafunga darubini ya PU yenye kukuza mara 3.5. Hata hivyo, darubini iliziba njia ya klipu ya risasi tano. Askari akalazimika kupakia moja moja.

Leo, matundu yanayotobolewa ili kufunga darubini hupunguza thamani ya bunduki kwa wakusanyaji. Wengine huepuka hasara hiyo kwa kutumia kishikizo kinachobanwa penye kilengeo cha nyuma, bila kutoboa chuma.